Kabla Hujaizima, Iulize

Mtu wa ofisini mjini hufunika kompyuta mpakato yake jioni, kazi ikiisha. Kule Sola tuliifunika katikati ya kazi, mara nyingi kwa siku, kwa sababu betri zilikuwa kuukuu na umeme ulikuwa wa kukatika. Mwalimu akiitwa darasani, anafunika. Kengele ya mapumziko ikilia, anafunua. Kila kufunika ni kuilaza mashine, kila kufunua ni kuiamsha, na mashine inayolala na kuamka hivyo kutwa nzima hutoa kasoro ambazo mwenye umeme wa uhakika anaweza kumaliza miaka bila kukutana nazo. Ndiyo maana mengi ninayoyajua kuhusu waifai katika Linux sikuyajifunza kwenye mji wowote mkubwa. Niliyajifunza kwenye ofisi ya walimu ya shule moja ya kata.

Sola ni kata ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Watu wa Maswa mjini wanalijua jina hilo kwa sababu ya maji: bwawa la New Sola, lililoko Zanzui, ndilo linalounywesha mji wao. Kwingineko ni pamba, mahindi na ng'ombe, na kiangazi kikikaza ni vumbi. Mimi nilikuwa na meza ya ufundi Maswa mjini, simu na kompyuta, na nilikuwa nikienda Sola kwa bodaboda kila nilipoitwa. Mzee mlinzi wa getini alinipokea kwa "Mwangaluka, fundi", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kama ni saa tisa alasiri, maana kwake siku yangu ilianza pale nilipofika kwake.

Shule ilikuwa na mashine chache zilizotumika, zilizonunuliwa Mwanza, na zote zilikuja na Windows XP. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha kuihudumia XP. Hilo peke yake lisingemsumbua mtu Sola. Kilichosumbua ni flashi. Mwalimu alikwenda kuchapisha mtihani kwenye steshenari mjini, akarudi na yule mdudu anayeficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake. Akichomeka flashi kwenye mashine moja Jumatatu, Ijumaa zote zinaumwa. Mkuu wa shule akaniuliza kama hakuna dawa isiyotaka kununuliwa upya kila mwaka. Siku tisa baada ya XP kuachwa, Ubuntu 14.04, ambayo ni aina ya Linux, ilikuwa imetoka, ya bure, na ahadi ya kuhudumiwa miaka mitano. Nikaziwekea zote. Mdudu wa flashi akakosa pa kuishi, walimu wakaizoea sura mpya ndani ya muhula, na lalamiko likabaki moja tu: "Fundi, ikilala inaamka bila mtandao."

Dawa ya lalamiko hilo kila mtu alikuwa nayo. Zima, washa. Ilifanya kazi kila mara, na ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kutafuta nyingine. Aliyepinga ni mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta. Aliniuliza mbele ya wenzake: "Sasa fundi, hapo tumeliondoa tatizo au tumeliahirisha?" Wenzake wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kuzima na kuwasha mashine zile kulichukua dakika kadhaa za diski kukoroma, kulikula betri ambayo tayari ilikuwa inahesabiwa, na mara nyingine kuliondoka na alama za mitihani ambazo mtu hakuwa amezihifadhi. Wakati wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne, dakika hizo zilikuwa na bei.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani. Mashine iliyokwama imeshika hali fulani: kadi imejibu au haikujibu, kiendeshi (driver) kimeipakia programu yake au kimeshindwa, swichi imefungwa au iko wazi, programu inayosimamia mtandao inajua kwamba kumekucha au bado inadhani ni usiku. Ukizima, hali hiyo yote inakwenda. Baadhi ya maandishi ya kerneli, yaani kiini cha Linux, yanaweza kubaki kwenye faili la /var/log/kern.log, hilo ni kweli, lakini maandishi yanakuambia kilichosemwa tu. Hayakuonyeshi vitu vilivyokuwa vimekaaje wakati mwalimu anaipiga meza kwa hasira.

Niseme kwanza nini hutokea mashine ikilala, maana bila hilo mengine yote yanakuwa uganga. Mashine zile zililala kwa namna inayoitwa S3 katika kanuni za ACPI, kanuni zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kerneli huanza kwa kuzigandisha programu zote pale zilipo. Kisha hupita kwa kila kifaa na kukiagiza kiendeshi chake kihifadhi hali na kukipumzisha. Prosesa inakatiwa umeme, diski inanyamaza, na kinachoendelea kulishwa ni RAM, iliyoshika kazi yako yote. Mashine ikiamka, programu zinaendelea kutoka neno lile lile ulipoishia.

Kadi ya waifai haina bahati hiyo. Ndani ya kadi nyingi kuna programu ndogo ambayo kiendeshi huipakia kutoka kwenye diski, kwenye folda ya /lib/firmware, na umeme ukikatwa programu hiyo hupotea. Kwa hiyo barua uliyokuwa ukiiandika inaendelea, lakini kadi inaanza upya kabisa. Mkulima wa pamba ataelewa haraka: mizani iliyohamishwa haipimi kitu mpaka irudishwe kwenye sifuri, hata kama ni ile ile iliyopima jana. Kadi lazima ipate umeme, ijibu inapoitwa, ipakiwe programu yake, kiendeshi kitangaze kwamba kifaa kipo, NetworkManager, yaani programu inayosimamia mtandao, iambiwe kwamba usingizi umekwisha, itafute mtandao unaojulikana, itoe nywila, ipewe anwani. Hayo yote yanatakiwa yaishe ndani ya sekunde chache, na kila hatua ina namna yake ya kukwama. Machoni pa mwalimu, zote zikikwama zinafanana: alama ya juu kulia haina mawimbi.

Mwalimu wa hisabati alifungua kaunta buku. Sikumwambia afanye hivyo. Ilikuwa tabia yake. Alichora safu: jina la mashine, saa ya kufunika, saa ya kufunua, ilikuwa kwenye umeme au betri, mtandao ulitoka wapi, ulirudi au haukurudi. Niliporudi baada ya majuma kadhaa daftari lilikuwa limeshika kurasa, na tulipokaa kulisoma chini ya mwembe tukaona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amelisema: "ikilala inaamka bila mtandao" halikuwa tatizo moja. Yalikuwa manne, yamevaa shati moja.

La kwanza lilikuwa la aibu kidogo kwa wote, kwa sababu halikuhusu kompyuta hata chembe. Shule haikuwa na intaneti ya waya. Mtandao ulitoka kwenye simu ya mwalimu yeyote mwenye bando, akiwasha hotspoti. Daftari lilionyesha kwamba mashine ikilala muda mfupi, mtandao unarudi. Ikilala kipindi kizima, haurudi, na hiyo kwa mashine zote bila ubaguzi. Simu nyingi za Android zina mpangilio unaozima hotspoti yenyewe kama hakuna kifaa kilichounganishwa kwa dakika kadhaa, ili kulinda betri. Mashine ikilala, simu inabaki peke yake, inasubiri, inazima. Mashine ikiamka inatafuta mtandao ambao haupo tena hewani. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekwishanunua bando la pili mara nyingi tu, akiamini la kwanza limekwisha, kumbe lipo. Alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mahali pa kudai. Tukazima ule mpangilio kwenye simu, na sehemu kubwa ya lalamiko ikayeyuka pale pale bila amri hata moja ya Linux.

Hapa nina neno. Fundi akiitwa kutengeneza kompyuta huwa anaitengeneza kompyuta. Ana bisibisi mkononi, ana amri kichwani, na anataka kuvitumia. Tangu Sola, kitu cha kwanza ninachokiangalia mtu akiniletea mashine isiyoshika waifai ni kama simu ya mtu mwingine inauona mtandao huo huo. Wateja hudhani natania.

La pili lilikuwa swichi. Mashine moja ilikuwa na kiswichi kidogo ubavuni, cha kuzima redio, na mtu aliyeibeba kwapani kutoka darasani alikuwa anakisogeza bila kujua. Amri ya rfkill list inasema wazi kama kadi imefungwa na programu au imefungwa na kitufe chenyewe, na ile ya kitufe hakuna amri itakayoifungua, ni kidole. Tulibandika gundi ya karatasi juu ya swichi, tukaendelea.

La tatu lilikuwa la programu tupu. Kwenye mashine mbili kadi iliamka vizuri, kiendeshi kilikuwa kimefanya kazi yake, lakini nilipoandika nmcli nm jibu lilikuja na neno "asleep", yaani imelala. NetworkManager haikuwa imepata habari kwamba mashine imeamka. Habari hiyo inatakiwa ipelekwe kwake na sehemu nyingine ya mfumo, na mara moja moja ilikuwa haifiki. Dawa ilikuwa mstari mmoja, sudo nmcli nm sleep false, na mawimbi yalirudi kabla mwalimu hajamaliza kuniuliza nafanya nini. Kwenye matoleo ya baadaye mstari huo haupo tena. Siku hizi ni nmcli networking off, kisha nmcli networking on, au kuianzisha upya huduma yenyewe kwa systemctl restart NetworkManager. Ambaye angezima na kuwasha angepata tiba ile ile, ila asingejua kamwe kwamba kadi yake ni nzima. Na mtu asiyejua kwamba kadi ni nzima hununua kadi.

La nne ndilo lililotuchelewesha, na ndilo ninalolipenda.

Ilikuwa mashine moja tu, ile iliyokaa kwenye meza ya taaluma. Haikukwama kila mara. Ingeweza kukaa siku nzima inalala na kuamka kama mtoto mchanga, kesho yake ikakataa asubuhi na mapema. Hotspoti ipo, swichi iko wazi, NetworkManager iko macho. Lakini nmcli dev haikuonyesha waifai kabisa, kana kwamba mashine ilitoka kiwandani bila hiyo kadi. Kuwasha upya NetworkManager hakukubadilisha kitu, na hilo lenyewe lilikuwa habari: tatizo liko chini zaidi.

Nikashuka ngazi moja. Amri ya lspci huorodhesha kadi zote zilizomo ndani, na ukiongeza -k inakuambia kila moja inaendeshwa na kiendeshi gani. Kadi ilikuwepo kwenye orodha, lakini mwisho wa mstari wake kulikuwa na maneno "rev ff". Kwenye dmesg, amri inayoonyesha jumbe za kerneli, kiendeshi kilikuwa kinalalamika kwamba kimesubiri mpaka kimechoka, na namba iliyorudishwa ilikuwa 0xffffffff. Mwalimu alizitazama zile f akauliza zina maana gani. Hapo hisabati yake ilitusaidia kuliko ufundi wangu. Katika namba za kompyuta, f ni moja nne mfululizo. Namba yenye f nane ni moja thelathini na mbili bila hata sifuri. Kifaa kikiulizwa swali na kisijibu, njia ya PCI hurudisha moja tupu. "Kwa hiyo hiyo sio namba," akasema. "Hiyo ni kimya." Akaliandika neno hilo kwenye kaunta buku mbele ya ujumbe wa Kiingereza, na tangu siku hiyo akawa anaziandikia jumbe zote za dmesg maana yake kwa Kiswahili kwenye ukingo wa ukurasa.

Kadi iliyo kimya haisaidiwi na kiendeshi kuanzishwa upya peke yake. Nilijaribu kukitoa kwa modprobe -r na kukirudisha kwa modprobe. Kikarudi, kikaita, hakikujibiwa. Kilichofanya kazi ni kuiondoa kadi yenyewe kwenye hesabu ya kerneli na kuiambia kerneli ihesabu upya. Unaandika 1 kwenye faili la remove lililo ndani ya folda ya kadi hiyo katika /sys/bus/pci/devices, kisha unaandika 1 kwenye /sys/bus/pci/rescan. Mara nyingi kadi iliibuka, ikapakiwa programu yake, mawimbi yakarudi. Si kila mara, ila mara nyingi.

Nikaifungua pia. Mwezi wa nane Maswa, ukifungua kompyuta yoyote utadhani imechimbwa ardhini. Nilipuliza vumbi, nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, nikairudisha na kubana vizuri zile waya mbili za antena. Hali ikapungua makali lakini haikuisha, na daftari lilikataa kuniruhusu nijidanganye, maana mistari ya "haukurudi" ilikuwa bado inaonekana, michache. Mafundi wengi tungeishia pale, tukalipwa, tukasema ni vumbi.

Kilichoimaliza ni kubadilisha mpangilio wa usingizi. Badala ya kuiacha kadi ilazwe ikiwa na kiendeshi chake, tukakitoa kiendeshi kabla mashine haijalala na kukirudisha baada ya kuamka. Wakati huo Ubuntu ilitumia mfumo wa pm-utils: ukiweka skripti fupi ndani ya /etc/pm/sleep.d, huitwa kila mara mashine inapolala na inapoamka. Skripti yetu ilikuwa na mistari isiyozidi vidole vya mkono. Ukurasa uliofuata wa kaunta buku ulikuwa na "umerudi" kutoka juu mpaka chini, na mwalimu akapiga mstari mwekundu chini yake kama anavyofanya kwa mwanafunzi aliyepata zote.

Miaka miwili baadaye tatizo likarudi, na lilirudi siku moja kwa ukali wote. Walimu wakaanza kusema kadi sasa imekufa. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa na usajili wa watahiniwa mezani, alikuwa tayari kutoa hela ya nyingine. Mwalimu alifungua daftari na kunionyesha kwamba mstari wa kwanza wa "haukurudi" ulikuja siku moja baada ya mashine kuhamishiwa Ubuntu 16.04. Hakuhitaji kusema zaidi. Tangu toleo la 15.04, la Aprili 2015, Ubuntu ilikuwa imehamia systemd, na systemd haisomi /etc/pm/sleep.d. Skripti yetu ilikuwa bado ipo, nzima, haijaguswa, ila hakuna aliyekuwa akiiita tena. Tuliihamishia /lib/systemd/system-sleep, tukairekebisha isikilize maneno mapya, "pre" kabla ya kulala na "post" baada ya kuamka, tukaipa ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod +x, na kadi "iliyokufa" ikafufuka siku hiyo hiyo. Bila tarehe ile tungenunua kadi, tungeichomeka, na pengine ingekwama vile vile, kisha tungeilaani Linux yote.

Nimeona mafundi wenzangu wakitembea na skripti moja ndefu kwenye flashi, wanaiweka kwa kila mteja mwenye Linux. Inatoa kiendeshi, inakirudisha, inawasha upya NetworkManager, inafungua rfkill, inahesabu PCI upya, vyote kwa pamoja kila mashine inapoamka. Inafanya kazi, na mimi siipendi. Mteja anapata mtandao, lakini kati ya dawa tano alizonyweshwa hakuna anayejua ipi ilimponya, na toleo jipya likija na kuivunja moja, hakuna anayejua ipi imevunjika. Dawa moja kwa wakati mmoja, kisha subiri, kisha andika. Ni polepole, na mteja aliyesimama mbele yako hapendi polepole, namwelewa. Wiki ya mwisho ya usajili hata mimi simwambii mkuu wa shule asubiri sayansi.

Kwa wiki kama hizo tulipatana hivi. Niliwatengenezea faili dogo kwenye uso wa kompyuta, nikaliita "ushahidi". Ukilibofya mara mbili linaandika tarehe na saa, majibu ya nmcli, rfkill list, lspci -k na ip link, pamoja na mistari ya mwisho ya dmesg, vyote kwenye faili la maandishi. Linachukua muda wa kukohoa. Baada ya hapo, zima, washa, fanya utakavyo. Walimu walikubali kwa sababu haikuwaongezea kazi, nami nilipofika nilikuta faili kadhaa zikinisubiri badala ya simulizi. Simulizi za walimu zilikuwa nzuri sana, mwalimu wa historia hasa, ila hazikuwa na rev ff ndani yake.

Mashine mpya zilipokuja miaka ya karibuni, zilikuja na usingizi wa namna nyingine. Nyingi hazilali S3. Hulala kwa s2idle, usingizi mwepesi ambao prosesa hupumzika bila kukatiwa umeme. Ukisoma faili la /sys/power/mem_sleep, lililokuwepo tangu kerneli 4.10 ya mwaka 2017, utaona majina ya namna zilizopo, na ile inayotumika iko kwenye mabano. Mashine moja tuliyoipokea ilikuwa na zote mbili, s2idle na deep, ikachagua ya kwanza, na ikawa inaamka na waifai inayojivuta mpaka kurasa hazifunguki. Tuliihamishia deep kwa majaribio na hakuna kilichobadilika, tukairudisha. Kumbe shida haikuwa usingizi. Ilikuwa mpangilio wa NetworkManager unaoibania kadi umeme, ulio kwenye /etc/NetworkManager/conf.d, uliowekwa wifi.powersave = 3. Tukaweka 2, yaani usibanie, na ikatulia, kwa gharama ya betri kidogo. Mwalimu aliliandika hilo pia, pamoja na jaribio la deep lililoshindwa. Yeye huandika na yaliyoshindwa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na Mswahili akaweza kuandika barua kwenye programu inayomwambia "Hifadhi" badala ya neno la kigeni. Kazi ile ilikuwa kubwa na sioni ikitajwa inavyostahili. Lakini ilitafsiri yale yanayoonekana mambo yakienda vizuri. Mambo yakienda vibaya, mashine bado husema Kiingereza cha mafundi, kwenye dmesg, kwa herufi ndogo nyeupe juu ya weusi, na wanaoweza kukisoma Simiyu nzima ni wachache. Kaunta buku la Sola lina kurasa za jumbe hizo pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili cha chumba cha walimu. Nimeliiga, ninalo langu mezani Maswa, na vijana wanaojifunza ufundi kwangu hulisoma kabla sijawaruhusu kushika bisibisi.

Basi fundi mwenzangu wa Bariadi, Lamadi, Meatu au popote ulipo: mteja akija na mashine ya Linux iliyoamka bila mtandao, usikimbilie kitufe cha kuzima. Angalia kwanza kama simu inauona mtandao huo. Kisha shuka kwa mpangilio, nmcli, rfkill, lspci, dmesg, na unakili kila jibu kabla hujagusa kitu. Na ukiamua kuwaandikia watengenezaji wa kerneli kuhusu kadi iliyokushinda, wape toleo la kerneli kutoka uname -r, namba ya kadi kutoka lspci -nn, na uwaambie kama inakwama kila mara au mara moja moja. Ripoti isiyo na hayo matatu hakuna anayeweza kuifanyia kazi.